Nani Analipia Madhabahu Yako?

SOMO LA JUMA

Maandiko: 2 Samweli 24:17–25, Mathayo 5:23–24

Wazo kuu: Kila madhabahu ina gharama. Swali ni nani anayeilipa.

Fungua Biblia yako kwenye maandiko hayo mawili, uyasome polepole, halafu urudi hapa tuzungumze.

Likizo ya Aprili, mama mmoja wa kanisa letu alinijia baada ya ibada ya pili. Alikuwa amebeba laptopu ndani ya kiondo, ameishika mbali na mwili kama mtu aliyebeba nyoka. Nyuma yake alisimama mwanawe wa kidato cha tatu, macho chini.

"Pasta," akaniambia, "kwa hii mashini kuna madhabahu. Nimeiona na macho yangu. Mimi nafunga na kuomba, na huyu kijana yuko chumbani anagusa madhabahu za mashetani. Leo tunaichoma."

Mpendwa, sikumcheka mama huyo, na wewe usimcheke. Naamini madhabahu za giza zipo. Gideoni aliambiwa aibomoe madhabahu ya Baali ya baba yake mwenyewe kabla Mungu hajamtumia (Waamuzi 6). Lakini nilimwambia, "Mama, kuchoma ni dakika tano. Kwanza wacha kijana anieleze ni nini hii."

Tukaketi watatu ofisini karibu saa mbili nzima. Niliingia nikijua mimi ndiye mwalimu. Nilitoka nikiwa mwanafunzi, tena mwanafunzi aliyepatikana na makosa.

MADHABAHU ZA SKYRIM

Gemu yenyewe inaitwa Skyrim. Ilitolewa Novemba 2011 na kampuni ya Marekani iitwayo Bethesda. Ni nchi ya kubuni yenye theluji, milima na majoka, na wewe unayecheza ndiwe shujaa wa hadithi.

Katika nchi hiyo watu huabudu miungu tisa, na kila mmoja ana madhabahu zake, nyingine ndani ya mahekalu, nyingine kando ya barabara. Kijana alinitajia: Arkay anahusika na uhai na mauti. Mara ni wa upendo na ndoa. Zenithar ni wa kazi na biashara. Wa tisa anaitwa Talos, ambaye zamani alikuwa binadamu. Kuabudu Talos kumepigwa marufuku kwa sababu himaya ilitia sahihi mkataba wa kumaliza vita uliotaka hivyo, na katika mji wa Whiterun kuna mhubiri anayesimama mbele ya sanamu yake akipaza sauti mchana kutwa. Hapo mama alinitazama, nami nikajifanya sikuelewa.

Sasa, madhabahu hizo hufanyaje kazi? Unaifikia, unaigusa, basi. Ugonjwa wowote ulioambukizwa njiani unapona papo hapo. Halafu unapata baraka ya mungu huyo. Ukigusa ya Arkay, afya yako inaongezeka kwa alama 25. Ukigusa ya Zenithar, bei sokoni zinakupendelea kwa asilimia 10. Baraka hiyo hudumu masaa 8, kisha inaisha, na huwezi kubeba baraka mbili za madhabahu hizo kwa pamoja. Ukitaka nyingine, ile ya kwanza inaondoka.

Kama mtu aliyesomea biashara, nilivutiwa na huyo Zenithar. Lakini swali langu lilikuwa lingine. Nikamuuliza kijana, "Na kama huyu shujaa ni mwizi? Kama ametoka kuua mtu sasa hivi?"

"Haijalishi, pasta. Unagusa tu."

Akaniambia kwamba gemu iliyotangulia, Oblivion ya mwaka wa 2006, haikuwa hivyo. Humo matendo yako yalihesabiwa, mema upande mmoja na mabaya upande mwingine. Sifa yako mbaya ikizidi sifa yako njema, ulifika mbele ya madhabahu ukakataliwa baraka. Skyrim ilipokuja, sharti hilo lilikuwa limeondolewa.

Nilifikiria jambo hilo. Watengenezaji wa gemu walikuwa na madhabahu inayouliza habari za mikono yako, na katika gemu iliyofuata wakaweka isiyouliza kitu. Kusema ukweli, isiyouliza inatufaa zaidi. Wengi wetu tunaijia madhabahu ya Mungu namna hiyo. Tunakuja Jumapili tukiwa na ugonjwa, tukiwa na biashara iliyolala, tunagusa, tunapata nguvu za masaa 8, na Jumatatu asubuhi tuko vile vile. Tunataka baraka ya Zenithar bila swali la Oblivion.

Lakini Mungu wa Biblia anauliza. Yoabu, jemadari wa Daudi, alikuwa amemwaga damu ya Abneri na ya Amasa kwa hila wakati wa amani. Siku hesabu ilipomfikia alikimbilia hemani mwa Bwana, akashika pembe za madhabahu (1 Wafalme 2:28). Alidhani akiishika tu yamekwisha. Hazikumwokoa, kwa sababu torati ilikuwa imeshasema kwamba muuaji wa hila aondolewe hata kwenye madhabahu (Kutoka 21:14).

NGUZO YA BOETHIAH

Mama aliuliza, "Na ile nyeusi je? Ile niliona jana?"

Kijana alisitasita, kisha akaeleza. Mbali na miungu tisa, kuna wakuu wengine wenye nguvu wanaoitwa Daedra. Mmoja wao ni Boethiah, mkuu wa hila, njama na usaliti. Mahali pake pa ibada pako juu milimani, mashariki ya mji wa Windhelm. Shujaa akishakomaa, anaweza kwenda kule kutafuta kibali. Anapewa kisu na sharti moja: alete mtu anayemwamini.

Lazima niwaeleze ninyi msiocheza. Katika gemu hii shujaa anaweza kuwa na mwenzake wa safari. Anayejulikana sana ni Lydia, askari ambaye mtawala wa Whiterun humpa shujaa baada ya kuua joka la kwanza. Lydia ameapa kumlinda shujaa kwa uhai wake na kumbebea mizigo. Unampa panga zako, ngao zako, kila kitu kizito, anabeba. Unaingia pangoni, anaingia nyuma yako.

Basi unamleta mtu kama huyo mpaka kwenye nguzo ya dhabihu, unamwambia aiguse. Anatii, kwa sababu ni wewe uliyemwambia. Nguzo inamnasa, hawezi kuondoka. Kisha unamwua kwa kile kisu. Boethiah anaingia katika maiti yake na kusema nawe kupitia kinywa cha rafiki yako. Baada ya hapo kuna mapigano na kazi nyingine ya kuua, na mwisho wake unapata zawadi: vazi la vita jeusi. Ukilivaa unatembea kimya kimya, nyayo zako hazisikiki vizuri, na adui anayekukaribia anadhuriwa na sumu inayotoka kwako.

"Na wewe ulifanya?" mama akamuuliza.

"Nilifanya, mum."

"Ulimpeleka nani?" nikauliza.

"Lydia. Alikuwa hapo tu. Na huwa anafuata bila maswali." Akanyamaza kidogo. "Wengine hulipa dhahabu 500 wanakodi askari wa kupeleka, mtu hata hawamjui vizuri, ndio wasisikie vibaya. Mimi sikufikiria hivyo. Nilipata hilo vazi. Lakini nilirudi ile nyumba yangu ya Whiterun nikaona hakuna mtu. Nikarudisha gemu nyuma mahali nilikuwa nimehifadhi. Sasa Lydia ako. Vazi sina."

Mama alikuwa ameshika kiondo muda huo wote. Akakiweka chini.

Na mimi nikanyamaza. Walidhani naomba. Sikuwa naomba.

MTU NILIYEMPELEKA MIMI

Yale ninayoandika sasa mchungaji wetu mkuu anayajua, mke wangu anayajua, na mwenyewe aliyehusika amenikubalia niandike mradi nisitaje jina lake.

Miaka tisa iliyopita, nikiwa nimetoka chuo na digrii yangu ya biashara, nilichukua mkopo wa shilingi 240,000 katika sacco nifungue duka la vifaa vya simu. Nilihitaji wadhamini wawili. Mmoja alikuwa dadangu mkubwa. Wa pili alikuwa rafiki yangu wa chuo, tuliyelala chumba kimoja miaka miwili. Nilimpelekea fomu akiwa kazini. Hakusoma. Aliuliza tu, "Nitie sahihi wapi?"

Duka lilianguka. Sikuwa nimefanya hesabu ya kodi ya nyumba ya biashara kama nilivyofundishwa darasani. Nikaacha kulipa nikiwa nimebakisha shilingi 160,000. Na nyinyi mlio kwenye sacco mnajua kinachofuata: wadhamini walikatwa akiba yao, shilingi 80,000 kila mmoja. Akiba ya rafiki yangu ilikuwa ya kununua ploti.

Hiyo ni hasara ya biashara, inaweza kumpata mtu yeyote. Sikilizeni sehemu ya pili.

Mwezi ule ule wa makato, kulikuwa na kongamano. Mhubiri aliita watu waje mbele wapande mbegu. Mimi nilikuwa na shilingi 40,000 nilizopata kwa kuuza bidhaa zilizobaki dukani. Nilizipeleka zote. Nilizilaza madhabahuni, watu wakapiga makofi, nikalia machozi, nikaamini nimetoa dhabihu. Wiki ileile nilibadilisha nambari ya simu.

Mpendwa, ile haikuwa dhabihu yangu. Zile pesa zilikuwa za mtu ambaye akiba yake ilikatwa kwa sababu yangu. Nilimleta rafiki yangu mpaka kwenye nguzo, nikamwambia aiguse, naye akaigusa kwa sababu alinijua. Kisha nikavaa vazi jeusi. Nilijifunza kutembea kimya kimya. Nikimwona mjini, navuka barabara.

Na dadangu je? Dadangu nilimlipa. Ilinichukua miaka mitatu, lakini nilimlipa shilingi zote 80,000, kwa sababu tunakutana kila Krismasi kwa mama. Rafiki nilimwacha kwa kuwa sikulazimika kumtazama machoni. Kijana wa kidato cha tatu alipotaja wale wanaokodi askari wasiomjua ndio wasisikie vibaya, nilijua anaongea na nani, ingawa yeye mwenyewe hakujua.

Tofauti ni kwamba yeye alirudisha gemu nyuma. Mimi sina mahali nilipohifadhi.

DAUDI NA ARAUNA

Ndipo lile andiko la 2 Samweli 24 likanijia. Daudi alikuwa ametenda dhambi kwa kuwahesabu watu. Tauni ikaja, wakafa watu 70,000. Daudi alipomwona malaika anayepiga watu, alimwambia Mungu kwamba mwenye kosa ni yeye, kondoo hawa wamefanya nini? Mkono wa Mungu uwe juu yake na juu ya nyumba ya baba yake (mstari wa 17). Hapo ndipo mfalme anapoacha kuwaachia wengine gharama zake.

Akatumwa ajenge madhabahu katika uwanja wa kupuria wa Arauna Myebusi. Arauna, mtu mwema, alitaka kumpa vyote bure: uwanja, ng'ombe wa kuchinja, hata vyombo vya kupuria na nira ziwe kuni. Kwa lugha ya biashara, hiyo ilikuwa ofa nzuri mno. Daudi akakataa. Alisema hawezi kumtolea Mungu kitu ambacho yeye mwenyewe hakukigharamia (mstari wa 24). Akanunua uwanja na ng'ombe kwa shekeli 50 za fedha, akajenga, akatoa sadaka, na tauni ikazuiliwa.

Angalia mambo mawili. Kwanza, Arauna alikuwa radhi kutoa, na bado Daudi hakukubali mtu mwingine abebe gharama ya toba yake. Sembuse yule ambaye hakuulizwa? Pili, madhabahu ile ilijengwa kwa hesabu safi. Kulikuwa na bei, kulikuwa na malipo, hapakuwa na deni la siri chini ya mawe.

Bwana Yesu naye, katika Mathayo 5:23–24, anasema kama umeleta sadaka yako madhabahuni, na pale pale ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka yako hapo, uende kwanza upatane naye, ndipo urudi uitoe. Soma vizuri: hasemi kama wewe una neno juu ya ndugu yako. Anasema kama yeye ana neno juu yako. Yaani Mungu yuko tayari sadaka ingoje, ibada ikatike katikati, mradi wewe uende ukagonge mlango wa yule uliyemdhulumu. Sijawahi kuona ibada ikikatika hivyo. Labda ndiyo sababu baraka zetu nyingi ni za masaa 8.

Na hapa ndipo Injili ilipo, wapendwa. Boethiah anamwambia mtu amlete rafiki afe ili yeye apate vazi. Baba yetu alifanya kinyume. Mwana alikuja mwenyewe, akautoa uhai wake kwa hiari. Hakuna aliyemnyang'anya (Yohana 10:18). Yeye ndiye aliyebeba mizigo yetu, na yeye ndiye aliyeigusa nguzo kwa macho yaliyo wazi, akijua sisi ni nani. Kwa hiyo ukisikia madhabahu yoyote, ya gemu, ya mganga, au hata ya mhubiri aliyevaa suti, inakuambia kwamba mwingine aumie ndio wewe uinuke, jua hiyo si ya Kalvari. Na neema haikufanyi usilipe deni la mtu. Zakayo alipopata wokovu, aliahidi kurudisha, tena mara nne (Luka 19:8).

KILICHOFUATA

Laptopu haikuchomwa. Lakini nilipouliza umri wa kijana nikaambiwa ni miaka 16, na gemu hii imewekewa alama ya watu wa miaka 17 kwenda juu, kwa sababu ya damu na vita. Wazazi, alama hizo husomwa. Ziko kwenye jalada. Mama aliamua gemu ingoje mpaka afikishe umri huo. Kijana hakufurahi, lakini alikubali. Mama akamwambia kitu kimoja tu tulipokuwa tunasimama: "Ulifanya vizuri kumrudisha yule msichana." Nadhani kijana aliguswa na hilo kuliko lolote nililosema mimi.

Na mimi nilitafuta nambari ya rafiki yangu kupitia watu watatu. Tulikutana kwa hoteli ndogo karibu na kazini kwake. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Hakuihitaji. Aliniuliza swali moja: "Ni zile pesa ama ni dhamiri imekusumbua?" Nikamwambia ni zote mbili, na nimekuja na 5,000 ya kwanza. Aliihesabu mbele yangu. Tulikubaliana 5,000 kila mwezi, miezi 16. Mpaka leo nimelipa sita, kwa hiyo imebaki 50,000. Hajaniambia amenisamehe. Ploti aliyoitaka wakati ule sasa bei yake haishikiki, na hilo siwezi kulilipa kwa M-Pesa. Lakini mwezi uliopita, nilipotuma, alijibu, "Nimepata. Salimia mama watoto." Nilimsomea mke wangu ujumbe huo mara mbili.

Sadaka yangu bado naitoa. Ila siku hizi kabla sijatoka kitini kwenda mbele, najiuliza nani analipia.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Kuna mtu ambaye akikuona barabarani, wewe ndiwe unayevuka? Usitaje jina lake katika kikundi. Mtaje mbele za Mungu, kisha mpigie simu.

2. Soma tena 2 Samweli 24:24. Ni nini unachomtolea Mungu ambacho kwa kweli kinagharamiwa na mwingine: mke, mzazi, mfanyakazi wa nyumbani ambaye hajalipwa mshahara?

3. Kama wewe ni mdhamini na umeumizwa, Mungu anakuona. Ni hatua gani moja unayoweza kuchukua bila kubeba uchungu zaidi?

4. Wazazi: mara ya mwisho kumuuliza mtoto wako akueleze anachocheza, bila kumkatiza, ilikuwa lini?

OMBI

Baba, tumekuja madhabahuni pako mara nyingi na mikono isiyo safi. Tukumbushe leo yule ndugu aliye na neno juu yetu. Tupe ujasiri wa kuiacha sadaka hapo na kwenda. Asante kwa Mwanao, ambaye hakuleta mwingine bali alijileta mwenyewe. Tufundishe kulipa tunachodaiwa. Katika jina la Yesu, amina.